Msalaba kwanza, nyota baadaye: kuweka misimbo ya ICD-10 kwa michochota ya via vya uzazi iliyoletwa na ugonjwa mwingine

Kila mwisho wa mwezi, madai ya bima yakishaanza kurudi, simu yangu huita kwa maswali yaleyale. "Dada samahani, nimeandika N77.1, mfumo unakataa." Baada ya dakika kumi anapiga mwingine: "Mgonjwa ana TB ya mji wa mimba, naanza na TB au na mji wa mimba?" Wanaouliza si wavivu. Wengi wametoka chuo juzi tu, wakawekwa masijala au chumba cha madai, wakaonyeshwa kompyuta na kuambiwa "weka ICD". Nimeamua kuyaandika mara moja ili ukikwama usome, kisha ndiyo upige.

Maneno mawili nitakayoyatumia sana. La kwanza ni msimbo, yaani herufi na namba ambazo ICD, orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, huupa kila ugonjwa; ICD-10 ni toleo lake la kumi. Najua ofisini wengi tunasema kodi, lakini ukiisema kwenye simu ndani ya daladala watu hudhani unatafuta chumba cha kupanga. La pili ni mchochota, ile hali ya sehemu ya mwili kuvimba, kuwa nyekundu, kuuma au kutoa majimaji. Sitasema uvimbe, kwa sababu ukimwambia mtu uvimbe wa kizazi atafikiria fibroidi, na fibroidi ina ukurasa wake mwingine kabisa.

Nadharia kidogo tu

Mchochota wa via vya uzazi unaweza kusimama wenyewe, na hapo unapata msimbo mmoja. Unaweza pia kuwa umeletwa na ugonjwa wenye makao yake sehemu nyingine ya kitabu: kifua kikuu, kisonono, klamidia, kaswende, fangasi, herpesi, hata minyoo. Huo wa pili ICD-10 huupa misimbo miwili. Mmoja una alama ya msalaba (†), nao unataja chanzo. Mwingine una alama ya nyota (*), nao unataja ugonjwa umejionyesha wapi. Utaratibu huu ulianza na toleo la tisa la ICD, la kumi likaurithi.

Mimi wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo huwaambia wafikirie bodaboda. Msalaba ni dereva, nyota ni abiria. Dereva akitaka huenda peke yake. Abiria hawezi kwenda bila dereva, na dereva hukaa mbele.

Kwa magonjwa ya wanawake, abiria wetu ni makundi mawili tu: N74 na N77. Ukiyaona haya, ujue lazima kuna dereva mahali fulani.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Faili lote la mgonjwa, si karatasi ya mwisho peke yake. Majibu ya maabara na ya patholojia yawemo.
- ICD-10 ya Shirika la Afya Duniani (WHO): Juzuu ya Kwanza yenye orodha ya misimbo na Juzuu ya Tatu yenye faharasa ya alfabeti. Huna vitabu? Toleo la 2019 linasomeka bure kwenye tovuti ya WHO, na lina kisanduku cha kutafutia.
- Jibu la swali hili kutoka kwa mkuu wako: mfumo wetu unatumia orodha ya WHO au ya Marekani? Usicheke. Nitalirudia huko mbele.
- Namba ya simu ya daktari aliyeandika faili, au ya muuguzi kiongozi wa wodi.
- Penseli na daftari la pembeni.

Kitabu cha MTUHA (Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya) kina orodha yake fupi ya magonjwa kwa ajili ya ripoti. Hiyo ni kazi nyingine, usichukue namba za huko ukazileta huku.

Na kitu kimoja usiwe nacho: picha ya faili la mgonjwa kwenye simu yako. Nimetumiwa picha za faili zenye jina, umri na majibu ya kipimo cha kaswende, eti nisaidie msimbo. Andika utambuzi kwa maneno yako, bila jina wala namba ya faili. Hayo yananitosha kukusaidia.

Hatua kwa hatua

1. Soma faili mpaka ukurasa wa maabara.

Daktari huandika kwa haraka. Kwenye fomu ya bima ataandika "PID" (kifupi cha Kiingereza cha mchochota wa nyonga) na kupiga muhuri, huku ukurasa wa nne kuna jibu la klamidia lililobandikwa kwa stepla. Ukiishia kwenye muhuri utatoa N73.9, yaani mchochota wa nyonga usiotajwa zaidi, na hapo utakuwa umeacha taarifa nzuri mezani. Lakini jibu la maabara halikupi ruhusa ya kuwa daktari. Ukiliona na daktari hakulitaja, mpigie umuulize kama ndilo lililosababisha. Akikubali, aandike kwenye faili na asaini. Baada ya hapo ndipo uweke msimbo.

2. Uliza kama kuna mimba.

Swali hili lifanye la pili, kabla hujafungua ukurasa wowote wa N. Mgonjwa ni mjamzito? Amejifungua karibuni? Mimba imeharibika, au ilikuwa imetunga nje ya mji wa mimba? Kama jibu ni ndiyo na maambukizi yanahusiana na hali hiyo, toka kwenye Sura ya 14, yenye misimbo ya N, uende kwenye misimbo ya O, ya ujauzito na uzazi. Kisonono wakati wa ujauzito ni O98.2, kaswende O98.1, kifua kikuu O98.0. Magonjwa mengine ya zinaa, kama klamidia, huenda O98.3, na maambukizi mengine ya via vya uzazi wakati wa ujauzito huenda O23.5. Baada ya kujifungua, homa ya uzazi ni O85, na maambukizi ya mlango wa kizazi au uke baada ya kujifungua ni O86.1. Baada ya mimba kuharibika ni O08.0.

Katika mafaili ninayoyarudisha kwa wanaoanza, mengi hukwama hapa. Mama ana wiki ya pili tangu ajifungue, ana homa, tumbo la chini linauma, karani ameandika N71.0. Mwanzo wa kundi la N70 hadi N77 pameandikwa wazi kwamba hali hizo hazimo humo. Wengi hawasomi mwanzo wa kundi. Wanatua moja kwa moja kwenye namba.

3. Tafuta chanzo.

Chanzo kiwe kimeandikwa na daktari. Hapa kuna hali tatu.

Chanzo kipo na kimetajwa: endelea hatua ya nne.

Chanzo hakipo: usikitunge. Vituo vyetu vingi hutibu kwa kufuata dalili. Mama anaeleza maumivu ya chini ya tumbo na uchafu ukeni, anapewa dawa za mchanganyiko siku hiyohiyo, kipimo hakuna. Usiangalie dawa ukasema "hii ni ya kisonono, basi A54". Andika alichoandika daktari. PID tupu ni N73.9. Mirija na ovari bila chanzo ni N70: N70.0 ikiwa ya ghafla, N70.1 ikiwa sugu, N70.9 ikiwa haikutajwa. Mji wa mimba ni N71, mlango wa kizazi N72. Kama ameandika maumivu tu, ni R10.2 au R10.3, basi.

Chanzo kinashukiwa: kwa mgonjwa aliyelazwa akaruhusiwa huku faili likisema "inashukiwa", na hakuna maelezo mengine yoyote, kanuni za WHO kwenye Juzuu ya Pili zinasema weka msimbo kana kwamba ugonjwa umethibitika. Wamarekani kwa wagonjwa wa nje wanasema kinyume chake, ndiyo maana video za mafunzo za huko zinawachanganya watu. Mimi hupiga simu kwanza. Mara nyingi daktari ana jibu, ila hakulirudisha kwenye faili.

4. Amua ni juu au chini.

Juu ni nyonga: mji wa mimba, mirija, ovari, utando wa nyonga. Huko abiria ni N74. Chini ni uke na mashavu yake, na abiria ni N77. Mlango wa kizazi uko katikati na ndio unaosumbua. Ukiwa na kifua kikuu unakwenda N74.0. Ukiwa na kisonono au klamidia haupandi na abiria yeyote, kama utakavyoona hatua ya sita.

Kwa upande wa chini kuna swali dogo la nyongeza: ni kidonda au ni mchochota? Kidonda cha mashavu ya uke kutokana na maambukizi ni N77.0. Kuwashwa, wekundu na majimaji ni N77.1.

5. Chukua jozi yako.

Hizi ndizo jozi utakazokutana nazo. Nimezipanga kwa chanzo, dereva kushoto:

- Kifua kikuu cha mlango wa kizazi: A18.1† N74.0*
- Kifua kikuu cha mji wa mimba, mirija au nyonga: A18.1† N74.1*
- Kaswende ya nyonga: A51.4† au A52.7† (ya kwanza kwa hatua ya pili ya kaswende, nyingine kwa kaswende ya kuchelewa) pamoja na N74.2*
- Kisonono kilichopanda kwenye nyonga: A54.2† N74.3*
- Klamidia iliyopanda kwenye nyonga: A56.1† N74.4*
- Fangasi wa ukeni: B37.3† N77.1*
- Herpesi yenye kidonda cha mashavu ya uke: A60.0† N77.0*
- Herpesi yenye mchochota bila kidonda: A60.0† N77.1*
- Kidonda cha mashavu ya uke cha kifua kikuu: A18.1† N77.0*
- Minyoo midogo ya njia ya haja kubwa iliyosumbua uke, hasa kwa watoto wa kike wanaojikuna usiku: B80† N77.1*
- Vidonda vya ugonjwa wa Behçet: M35.2† N77.8*. Sijawahi kuuona kwenye faili, lakini mtihani wanaupenda.

Ya mwisho nimeitenga makusudi, nayo ni kichocho. Kanda ya Ziwa, Pemba, kokote ambako watu wanaoga na kufua kwenye maji yenye konokono, mayai ya kichocho cha mkojo huishia pia kwenye mlango wa kizazi na uke, yakaacha mabaka kama mchanga. Wengi wa wanawake hao hutibiwa magonjwa ya zinaa kwa miaka bila kupona. Daktari akiandika kichocho cha via vya uzazi, dereva ni B65.0. Hutaona msalaba umechapwa kando ya kichwa chake, na hapo ndipo watu hubabaika. N74.8* ipo kwa ajili ya michochota ya nyonga inayotokana na magonjwa mengine ambayo hayakutajwa hapo juu yake, na N77.1* inapokea vimelea. Basi nikipata kichocho cha mlango wa kizazi naandika B65.0† N74.8*, kikiwa cha uke B65.0† N77.1*. Tafadhali usiishie B65.0 tupu. Ikiwa tupu, kwenye takwimu hakuna atakayejua kwamba ugonjwa ulikuwa kwenye kizazi na si kwenye kibofu.

6. Wajue wasiopakia abiria.

Hili limewaangusha wengi wanaojua kanuni nusu. Wameshaelewa kwamba chanzo na mahali huenda pamoja, basi wanataka kila kitu kiwe jozi. Kuna misimbo ambayo tayari imebeba chanzo na mahali ndani yake:

- Kisonono cha mlango wa kizazi au cha uke: A54.0 peke yake.
- Jipu la tezi ya Bartholin (tezi ndogo mlangoni mwa uke) la kisonono: A54.1 peke yake. Jipu la tezi hiyo lisilo na chanzo maalumu ndilo N75.1.
- Klamidia ya mlango wa kizazi au uke: A56.0 peke yake.
- Trikomonasi ya uke: A59.0 peke yake.

Angalia mpaka ulivyo mwembamba. Klamidia ikiwa mlangoni ni A56.0, safari ya mtu mmoja. Ikipanda kwenye mirija inakuwa A56.1† na inabeba N74.4*. Neno moja la daktari, "mlango" au "nyonga", linabadilisha kila kitu. Ndiyo sababu nasema simu ya daktari ni kifaa cha kazi.

7. Hakiki kwenye Juzuu ya Kwanza.

Usichukue msimbo kutoka kwenye faharasa au kisanduku cha kutafutia ukaondoka nao. Faharasa inakuonyesha mtaa. Nyumba yenyewe iko Juzuu ya Kwanza. Soma kichwa cha kundi, soma yaliyojumuishwa, soma yaliyoondolewa. Faharasa imepangwa kwa Kiingereza, kwa hiyo kwa fangasi tafuta chini ya "Vaginitis", na kwa PID anza na "Disease" kisha ushuke hadi "pelvis". Ukianza na jina la kiungo hutafika popote, maana faharasa imepangwa kwa jina la tatizo.

8. Andika kwa mpangilio.

Msalaba nafasi ya kwanza, nyota inafuata mara moja, na zote mbili zinahesabiwa kuwa ugonjwa mkuu mmoja. Usiweke ugonjwa mwingine katikati yao. Kama mfumo haukubali alama za † na *, ziache. Namba na mpangilio vinatosha. Nukta usiidondoshe kwa mazoea, isipokuwa kama mfumo wako wenyewe unaiondoa.

9. Ongeza hali nyingine zilizotibiwa au zilizoathiri matibabu.

Mwenye kisukari na fangasi wa ukeni: fangasi ni B37.3† N77.1*, kisukari kinafuata kama hali nyingine. Kisukari hakiwi dereva wa N77, kwa sababu kilichochochota ni fangasi.

Mwenye virusi vya UKIMWI ni tofauti kidogo. Daktari akiandika kwamba fangasi wametokana na HIV, msimbo ni B20.4, na jozi ya fangasi huongezwa kuonyesha mahali. Lakini fangasi wa ukeni huwapata wanawake chungu nzima wasio na virusi, na hata mwenye virusi anaweza kuwapata kwa sababu nyingine kabisa. Daktari asipounganisha, wewe usiunganishe.

Kitanzi nacho. Maambukizi yaliyoletwa na kitanzi hayaendi N74, kwa kuwa kitanzi si ugonjwa. Hayo ni T83.6, na mahali pa mchochota unapaongeza kutoka N71 au N73.

Kwa misimbo ya N70, N71, N72 na N73 isiyo na nyota, ukiwa na jibu la kuotesha vimelea unaweza kuongeza kidudu: E. coli ni B96.2, Staphylococcus aureus B95.6. Hii ni hiari. Kwa jozi za msalaba na nyota usifanye hivyo, maana dereva ameshataja kidudu.

Faili moja kwa karibu

Hili nimelitunga, mafaili ya kweli hayaji humu. Mama wa miaka 31, ametafuta mtoto kwa miaka minne, tumbo la chini linauma, hedhi imepungua hadi karibu kukata. Wamechukua kinyama kwenye ukuta wa mji wa mimba. Jibu la patholojia limeonyesha granuloma (vinundu vya mchochota ambavyo TB huviacha), na daktari ameandika mwishoni kwa peni ya bluu:

Chronic PID
TB
Infertility

Karani mpya hutafsiri mstari kwa mstari. Wa kwanza anaupa N73.9. Wa pili unampeleka A16.9, kwa sababu TB isiyotajwa mahali hutua kwenye kifua kikuu cha mfumo wa hewa. Wa tatu N97.9. Ametoa misimbo mitatu halali ambayo kwa pamoja inasimulia uongo: mama mwenye TB ya mapafu ambaye, kwa bahati mbaya tu, ana PID pia.

Ukirudi ukurasa wa patholojia unaona mistari miwili ya kwanza ni ugonjwa mmoja. PID ndiyo TB, na TB ndiyo PID. Unampigia daktari, anasema ndiyo, TB ya mji wa mimba, mapafu picha ni safi. Anaandika na kusaini. Unaweka A18.1† N74.1*, kisha N97.9 kwa utasa. Kama faili lingesema mirija imeziba na ndiyo sababu ya utasa, ingekuwa N97.1.

Mimi nilishawahi kuwa huyo karani. Mwezi wangu wa kwanza kwenye madai nilipeleka fangasi wote wa ukeni kwa N77.1 tupu, mrundo mzima, nikijisifu kwamba nimejua msimbo wa nyota. Zilirudi zote ndani ya bahasha moja ya kaki. Bosi wangu hakusema neno, aliiweka mezani kwangu akaenda kunywa chai.

Ikigoma

Mfumo unakataa N74 au N77 kama ugonjwa mkuu. Unafanya kazi yake vizuri. Weka dereva kwenye nafasi ya kwanza, abiria kwenye ya pili.

Fomu ina nafasi moja tu ya utambuzi. Andika wa msalaba. Nyota iache, au iandike kwenye sehemu ya maelezo. Hata kwa vyeti vya kifo ni hivyo: chanzo cha msingi cha kifo hakiwi nyota.

Ukitafuta unaletewa A18.17, A54.24 au A56.11. Uko kwenye orodha ya Marekani. Kwenye eneo letu hili, tarakimu mbili baada ya nukta ni dalili tosha. Kule mchochota wa nyonga wa kifua kikuu unakaa ndani ya A18.17 peke yake, N74 haina vijigawanyo, na imekatazwa kwa kisonono, klamidia, kaswende na TB. B37.3 nayo waliigawa Oktoba 2022 ikawa B37.31 na B37.32. Ukichanganya orodha mbili, mfano A18.17 na N74.1, hakuna mfumo duniani utakaokuelewa. Kama kituo chako kimepakia orodha ya Marekani, fuata ya Marekani yote. Kama ni ya WHO, funga ukurasa ule. Injini za utafutaji huleta ya Marekani kwanza karibu kila mara.

Mfumo unasema jinsia hailingani. Misimbo ya N70 hadi N98 ni ya wanawake peke yao. Nenda mapokezi, mgonjwa amesajiliwa mwanaume kwa makosa. Rekebisha usajili, usibadilishe msimbo.

Bima wamekata kwa kuwa dawa hailingani na ugonjwa. Mara nyingi utakuta umeandika N76 (mchochota wa uke usio na nyota) au N73.9 huku mgonjwa amepewa dawa za TB miezi sita. Rudi kwenye faili, chanzo kipo. Kama kweli hakipo, hilo ni la daktari kulieleza, si lako kulipaka rangi kwa msimbo unaofanana na dawa. Huo ni udanganyifu, hata ukiufanya kwa nia njema.

Daktari ameandika kifupisho usichokijua. TOA ni jipu la mirija na ovari, linakaa N70. Likiwa la kisonono linahamia A54.2† N74.3*. VVC ni fangasi wa ukeni. Ukikuta kingine, usikisie.

Faili la mtoto lina kisonono. Msimbo ni A54.0 kama kwa mtu mzima, lakini usilifunge kimyakimya. Hakikisha daktari ameliona na ustawi wa jamii wamejulishwa.

Mkuu wako anasema mnahamia ICD-11. Ilianza kutumika rasmi tarehe 1 Januari 2022, na nchi zinahamia kwa mwendo wao. Huko msalaba na nyota havipo. Misimbo inaungwa kwa mkwaju (/) katika kundi moja, na herufi na namba zote ni nyingine. Usijaribu kubadilisha hizi za juu kwa kichwa. Mazoea ya kutafuta chanzo, mahali na mimba nenda nayo, namba ziache huku.

Jibu la maabara limekuja mgonjwa ameshaondoka na dai limeshatumwa. Daktari aandike nyongeza yenye tarehe ya siku hiyo, si ya siku ya matibabu. Wewe rekebisha msimbo kwenye kumbukumbu za hospitali hata kama dai halibadiliki tena, kisha mkumbushe muuguzi amtafute mgonjwa, maana huenda yuko nyumbani anameza dawa ya ugonjwa mwingine.